Pulsa inawaka mara 30 kwa sekunde: polaraizesheni yake inapimwaje?

SWALI: Najua kichujio cha polaroidi kikizungushwa mbele ya darubini, mwanga uliopolaraizika (unaotetemeka zaidi katika uelekeo mmoja) huongezeka na kupungua. Lakini pulsa (nyota ya neutroni inayozunguka kwa kasi) iliyo ndani ya Nebula ya Kaa, wingu la mabaki ya nyota iliyolipuka, nayo inawaka na kufifia mara 30 hivi kwa sekunde. Mabadiliko hayo mawili yanatenganishwaje?

JIBU: Kwa saa. Hapa hatupigi picha, tunahesabu fotoni, yaani chembe za mwanga, mojamoja. Kila fotoni huandikiwa muda iliofika, kwa saa inayofuata GPS, pamoja na pembe ya kichujio wakati huo. Kisha muda husahihishwa kana kwamba fotoni imepokelewa kwenye kitovu cha masi cha mfumo wa Jua, maana mahali Dunia ilipo katika njia yake huweza kuiwahisha au kuichelewesha kwa dakika 8 hivi, na pulsa hii huzunguka kila milisekunde 33.

Baada ya hapo fotoni hupangwa kwa awamu, yaani sehemu ya mzunguko wa pulsa ambayo kila moja inaangukia. Ndani ya awamu moja, idadi ya fotoni hupanda na kushuka mara mbili kichujio kikizunguka mara moja. Kina cha badiliko hilo hutoa kiwango cha polaraizesheni, na pembe ya kilele hutoa uelekeo.

Ugumu wenyewe, kwa maoni yangu, uko kwenye mwanga wa pembeni. Nebula nayo imepolaraizika, na karibu kabisa na pulsa kuna fundo dogo la mwanga ambalo darubini nyingi za ardhini haziwezi kulitenga. Vipimo vya OPTIMA, kifaa kinachohesabu fotoni namna hii, vilivyofanyika kisiwani La Palma mwaka 2003, vilitoa wastani wa asilimia 9.8. Mwanga usiobadilika ulipoondolewa, ikabaki 5.4. Darubini ya anga ya Hubble, inayoweza kulitenga fundo, ilipata asilimia 5.2 kwa pulsa na takriban 59 kwa fundo. Njia mbili tofauti kabisa kukaribiana hivyo ni jambo la kufurahisha mno!

Ukichakata data zako, usikokotoe wastani wa asilimia. Kelele haiwezi kutoa asilimia hasi, kwa hiyo wastani huo utapanda bila sababu. Jumlisha vigezo vya Stokes, Q na U (namba mbili, chanya au hasi, zinazobeba kiasi na uelekeo wa polaraizesheni), toa vya mwanga wa pembeni, ndipo upate asilimia. Na ujiandae kwa fotoni nyingi: kosa la asilimia 1 linahitaji kama 20,000 kwa kila awamu, hata pasipo mwanga wa nebula.