Ukoko, mbaazi na sufuria ya mtu mmoja

Mwanangu,

Marahaba, baba. Umeniuliza mambo mawili: mama anakula nini siku hizi nyumba ikiwa tupu, na kwa nini wali wa nazi unaoupika huko Dodoma hautoi ukoko kama wa Tanga, mara bokoboko, mara umeungua. Nitayajibu kwa pamoja, na vipimo vyote ni vya mtu mmoja kama nipikavyo mimi; wewe vizidishe kwa idadi yenu.

Asubuhi nyingi ni uji wa ulezi. Vijiko 4 vya chakula vya unga, uvuruge kwanza kwa nusu kikombe cha maji baridi, ndipo umimine kwenye vikombe 2 vya maji yanayochemka huku unakoroga. Unga mkavu ukitupwa kwenye maji ya moto hushikana nje na kubaki mbichi ndani, ndiyo hayo madonge unayoyalalamikia. Utokote dakika 10. Ndimu hutiwa sufuria ikishateremshwa, na ukitia ndimu sahau maziwa, yatakatika. Mchana ndio mlo mkubwa: wali au ugali, mchicha, kipande cha samaki. Usiku ni kiazi kitamu au ndizi na chai ya mchaichai. Basi.

Sasa wali. Matatizo yako yanaanzia kwenye nazi, wala si kwenye jiko. Nazi za Dodoma zimetoka pwani na zimekaa sokoni siku nyingi. Itikise karibu na sikio: ikilia maji, chukua, ikiwa kimya, maji yamekauka au yamevuja. Kisha tazama yale macho matatu. Yakiwa na unyevu au ukungu, iache hata wakikupunguzia bei. Ukiivunja, nusa kabla ya kukaa kwenye mbuzi ya kukunia. Nyama iliyoanza njano na kunuka sabuni imeshaharibika, na hakuna iliki wala mdalasini utakaoificha harufu hiyo.

Kikombe kimoja cha mchele kinanitosha mchana na kubaki kidogo, na nusu nazi inakitosha. Ikune, tia robo tatu ya kikombe cha maji ya vuguvugu, ikamue kwa mkono dakika 2 na uchuje. Hilo ni tui la kwanza, liweke kando. Machicha yaleyale uyatie kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, ukamue tena: tui la pili. Nasisitiza vuguvugu kwa sababu mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za Dodoma za Juni na Julai unazijua. Ukikamulia maji ya bomba yalivyo, mafuta yote yanabaki kwenye machicha na wewe unapika wali kwa maji meupe. Bila mafuta hayo hakuna ukoko, kwa kuwa ukoko ni wali uliokaangwa na mafuta ya tui yaliyoshuka chini ya sufuria. Tui la boksi nalo linafaa, ila usilitie lilivyo. Changanya kikombe kimoja na maji robo tatu ya kikombe.

Mchele uoshe mara 2 au 3 na uuchuje mpaka usidondoke. Chemsha tui la pili na nusu kijiko cha chai cha chumvi, huku unalikoroga ili lisikatike. Tia mchele, geuza mara moja, funika. Hapa ndipo unapoharibu wewe, nakujua huachi mwiko. Kila ukigeuza unavunja punje, wanga unatoka, unazama na kugandamana chini. Hapo unapata kitu cheusi cha kunata ambacho si ukoko. Uache utulie. Maji yakikaribia kukauka na vitundu vikaanza kuonekana juu ya wali, mwagia tui la kwanza, geuza mara moja kutoka chini kwenda juu, sawazisha.

Kama una jiko la mkaa, punguza makaa ya chini yabaki machache yaliyoanza kuvaa majivu, na mengine uyapalie juu ya mfuniko. Dakika 20. Kwa gesi huna moto wa juu, kwa hiyo fanya hivi: weka chuma cha chapati juu ya jiko, sufuria juu yake, moto wa chini kabisa. Mfuniko uufunge kwa kitambaa safi kinyonye mvuke usirudi kudondokea wali, na pembe zake uzifunge juu ya kishikio cha mfuniko, zisining'inie kwenye moto. Dakika 20 hizohizo. Wali ukishaiva, ondoa chuma na mfuniko, uache moto mdogo dakika 5 zaidi huku umesimama hapohapo. Utasikia kutatarika kwa mbali, halafu harufu kama ya bisi. Zima. Ukingoja harufu ya moshi umechelewa, na ikishatoka usigeuze chochote. Pakua wali wa juu polepole kwenye sahani, wa chini uache palepale ulipo.

Kuung'oa ukoko mzima mzima: weka kitako cha sufuria juu ya kitambaa kilicholowa maji kwa dakika 2. Mvuke unaojikusanya chini unauachilia, unaukata kwa ncha ya kijiko pembeni na unanyanyuka kama chapati. Tumia sufuria nzito. Zile nyembamba za bei ya chini zinaunguza katikati, pembeni wali ni mweupe bado.

Mkikua tulikuwa tunawaambia anayekula ukoko mvua itanyesha siku ya harusi yake. Wewe ulioa Aprili, mvua ingenyesha hata usingeonja. Hiyo ilikuwa mbinu ya watu wazima ya kubaki na ukoko wao.

Mchele wenyewe: mpya una unyevu, kwa hiyo punguza robo kikombe kwenye tui la pili. Wa zamani, uliokauka, unataka kiasi chote nilichokupa na wakati mwingine kijiko kikubwa au viwili zaidi. Muuzaji muulize, au tafuna punje: mpya unamegeka kwa ulaini, wa zamani unakatika kwa sauti. Hii ndiyo sababu mara unapata bokoboko na mara mgumu kwa kipimo kilekile.

Unaobaki usiuache kwenye sufuria mpaka jioni. Kuna vijidudu kwenye mchele ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na wali ukikaa vuguvugu vinazaliana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Nesi, hata aliyestaafu kama mimi, hastaafu kwenye hili. Utandaze kwenye sahani upoe upesi, ndani ya saa moja uwe kwenye friji, kesho yake upashwe mara moja mpaka utoe mvuke. Wa nazi huchachuka upesi kuliko mweupe.

Mbaazi za nazi napika kwa ajili ya mkate au mahamri, asubuhi za Jumamosi na Jumapili. Loweka kikombe kimoja usiku, asubuhi mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya. Mbaazi za msimu huu zinalainika kwa saa moja hivi. Zilizolala ghalani zinaweza kukusumbua saa mbili. Na maji yenu ya Dodoma, hayo yanayoacha ukoga mweupe kwenye birika, yanazichelewesha: madini yaliyomo hukaza ganda. Tia magadi kidogo sana, kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili. Ukizidisha utakula sabuni. Nyanya, ukwaju na ndimu visiguse sufuria kabla mbaazi hazijalainika, uchachu nao unazikaza.

Hapa ndipo mtu mmoja anapookoa gesi. Nachemsha kikombe chote, nagawa mafungu 4 pamoja na maji yake kidogo, 3 yanaingia kwenye friza bila nazi. Usigandishe mbaazi zilizokwisha tiwa tui. Likiyeyuka linajitenga, mafuta huku, maji kule. Siku ya kula, fungu moja linarudi motoni na nusu kitunguu, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, bizari ya manjano robo kijiko cha chai na nusu kikombe cha tui la pili. Vikishikana, robo kikombe cha tui zito, moto mdogo, koroga kuelekea upande mmoja dakika 4 au 5. Ziwe na rojo la kushika mkate.

Chumvi ya mbaazi naitia mwisho na kwa kijiko, si kwa mkono. Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, vyakula vyote pamoja na mkate wa dukani, na sisi wenye presha tuwe chini ya hapo. Ndimu inasaidia sana kufidia. Hilo nawe lishike, umri wako si wa kungojea.

Starehe zangu ni za bei nafuu. Chungwa la Muheza, likimenywa kwa kisu kikali ganda likitoka utepe mmoja na ule weupe ukibaki, ukakata kofia juu na kulifyonza. Ukichimba mpaka kwenye nyama linapasuka na maji yanaishia kwenye kiwiko. Na kikombe kidogo cha kahawa chungu cha muuza kahawa apitaye na dele lake, pamoja na kashata ya karanga, ila kabla ya saa kumi. Baada ya hapo kahawa inanikesha.

Nakutumia nazi sita kwa basi la Alhamisi. Sijazifua, ziko na makumbi yake, kwa kuwa zikiwa hivyo hazikauki upesi. Ziweke kivulini, si juu ya sakafu yenye unyevu, na fua moja tu kila unapotaka kupika. Nusu inayobaki ikune palepale na uigandishe. Ikikaa nje kutwa nzima inachacha.

Msalimie mkwe wangu na wajukuu. Mwambie mke wako chuma cha chapati nilichomletea ndicho hicho cha kuwekea sufuria, asikununulie kingine.

Mama yako