Kofia za mabaki: kwa anayeanza Mombasa

Wanaonijia kutaka kujifunza kushona kofia huniuliza kwanza bei ya cherehani. Cherehani isikusumbue. Yangu ni ya kukanyaga, niliinunua mkono wa pili, na inapita kwenye kitambaa cha jinsi vizuri ukiitilia sindano namba 100. Pesa za mwanzo huliwa na kitambaa, na hapo ndipo nataka tukae.

Nayapata mabaki ya vitambaa kwa njia mbili. Kuna mafundi wa nguo: akimaliza kukata dera au shati, vipande hubaki miguuni pake na jioni huvifagia. Mwachie gunia tupu asubuhi, ulifuate jioni, na umpe chochote hata akisema chukua tu. Ukizoea cha bure, siku moja utakuta gunia limekwenda kwa mwingine. Njia ya pili ni mitumba ya Kongowea. Usigombanie zile nzuri za juu. Tafuta suruali ya jinsi iliyokwisha magoti, maana nyuma ya paja kitambaa bado ni kizima, na suruali pana ya mwanamume hutoa kofia mbili ukipanga vipande kabla ya kushika mkasi.

Kila kitu kifuliwe kabla ya kukatwa. Mtumba umeshafuliwa mara nyingi, haurudi tena, yaani haupungui, lakini marekani mpya, kile kitambaa cha pamba utakachokitia bitana, itarudi. Mimi niliwahi kuishona bila kuifua. Wateja walipofua kofia zao, bitana ikavuta, zikakunjamana kama karatasi, na sita nikarudisha pesa zake. Leso nazo, hasa nyekundu na nyeusi, hutoa rangi. Kwa joto letu hili jasho litaishusha kwenye paji la uso la mteja. Lowesha kitambaa cheupe kwa maji ya chumvi, sugua leso kwa nguvu. Kikitoka na rangi, leso hiyo ifuliwe peke yake mpaka maji yawe safi, la sivyo iache.

Kwenye leso kuna jambo jingine. Jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, likiangukia kwenye ukingo wa kofia linapendeza sana, lakini lisome lote kwanza. Leso nyingi zimeandikwa mafumbo ya kumpiga vijembe jirani au mke mwenza, na anayeivaa kichwani ndiye atakayeonekana anasema.

Vipimo: vichwa vya watu wazima wengi viko kati ya sentimita 55 na 60. Nakata 56, 58 na 60. Kupata upana wa duara la juu, gawanya mzingo wa kichwa kwa 3.14. Kichwa cha 58 kinakupa kama 18.5, ongeza sentimita 1 kila upande ya mshono. Jinsi nene hula nafasi kwa ndani, kwa hiyo mzingo wake uongeze nusu sentimita. Na hapa kwetu wanawake wengi huvaa kofia juu ya mtandio au nywele zilizosukwa. Wapime wakiwa hivyo hivyo, usiwaambie wavue.

Ndani ya ukingo tia kitambaa kigumu cha kola. Nimeona wanaoanza wakitia boksi. Mvua moja tu, kofia imekwisha. Kwa atakayeivaa ufuoni au kwenye feri ya Likoni, weka kamba ya kidevu, kwani upepo wa kusi ukishika haubakishi kofia kichwani.

Nilipata funzo kubwa kwa oda. Hoteli moja ya pwani ilipenda kofia yangu ya maua ya kijani ikataka 40, zote za namna ile. Nilikubali kwa furaha. Nilizunguka Kongowea wiki mbili, nikarudi na vipande vya kofia tano. Kitambaa cha mabaki hakipatikani mara mbili. Siku hizi naahidi umbo, vipimo na rangi za kukaribiana, basi, na mteja anaona sampuli tatu zilizotofautiana kabla hajatoa amana.

Bei usiitoe kwenye kitambaa. Kwa sababu kimepatikana rahisi, utaona haya kutaja pesa. Hesabu saa: kufumua mishono ya jinsi, kufua, kupiga pasi, kuchagua, kisha ndiyo kushona. Kofia yangu moja ni kama saa tatu, na kushona ni nusu tu ya hizo. Ukitaka kuweka meza, ulizia kibali cha kaunti kabla ya kununua hiyo meza.

Kuna kazi moja naipenda kuliko zote. Watu huleta leso ya mama aliyefariki, wanataka kofia. Hapo hakuna kipande cha akiba. Napima mara tatu, nakata kielelezo kwa gazeti, nakilaza juu ya leso, na siikati mpaka mwenyewe akae kando yangu aniambie ua lipi libaki mbele. Vinavyosalia, hata uzi wa pindo, navifunga kwenye mfuko namrudishia.