Saipresi za Krismasi zahitaji mkono kila msimu

SWALI: Hujambo Mama? Mimi ni kijana wa Njoro, nafanya kazi Nakuru mjini. Baba amenigawia ekari moja, nami nataka kupanda miti ya Krismasi, kisha nirudi kuikata Desemba ikishakomaa. Je, hapo katikati kuna kazi gani, na niandike vibarua wa aina gani? – Msomaji, Njoro

JIBU: Sijambo, mwanangu. Hapo katikati ndipo shamba lilipo. Tangu nianze kuuza miche hapa Elburgon sijaona aliyefaulu kwa kupanda na kuondoka. Saipresi, ndiyo miti hiyo ya Krismasi, ukiiacha itakua, tena haraka, lakini utapata mti wa mbao au wa kuni. Hakuna atakayeuweka sebuleni.

Kupanda kwenyewe hakuchukui muda. Mashimo yawe tayari kabla ya mvua ya Machi, na miche iingie udongo ukiwa umelowa vizuri. Anayetaka mbao huacha mita mbili na nusu au tatu. Wewe acha mita moja na nusu kila upande. Ekari nzima ingebeba miti kama 1,800, lakini punguza uache njia, maana utapita humo na mkasi mara nyingi. Mwaka wa kwanza ni palizi na fuko. Fuko hula mizizi chini kwa chini hadi mche unang'oka ukiugusa tu. Mtafute mtegaji wa kijijini, mkubaliane malipo kwa kila fuko anayekuletea.

Mti ukifika kiunoni, kazi kubwa inaanza: kupogoa, kila baada ya mvua. Anza kileleni. Saipresi hupenda kutoa vilele viwili au vitatu. Bakisha kimoja kilichonyooka, vingine ondoa. Kisha zunguka ukishuka, juu pembamba, chini pana, upana wa chini uwe kama theluthi mbili za urefu wa mti. Kata ncha changa za kijani peke yake. Mkasi ukizama hadi kwenye tawi la kahawia lisilo na majani, hapo hapachipuki tena. Pengo litabaki, na mteja ataliona kabla hajauliza bei.

Ndiyo maana nakusihi, kazi hii usimpe kibarua yeyote anayepita barabarani. Chagua wawili, wafundishe kwenye mti mmoja mbele ya macho yako, walipe zaidi ya wapaliliaji, na uwaite hao hao kila msimu. Mpogoaji bora niliyewahi kuwa naye ni mama mmoja fundi wa cherehani. Kabla ya kukata hurudi nyuma, akautazama mti kutoka juu hadi chini, ndipo ausogelee.

Mkifika kwenye kila mti, fungueni matawi mtazame ndani. Vidukari vya saipresi, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, viliingia Kenya mwaka 1990 vikaua miti mingi sana. Mkiona vitawi vimegeuka kahawia na masizi meusi juu ya majani, mwite afisa wa misitu siku hiyo hiyo.

Kwa hali ya hewa ya huko kwenu, mti hufika kimo cha mtu mwaka wa tatu au wa nne. Desemba utahitaji wakataji, wa kufunga matawi kwa kamba, na wapakiaji. Kibali cha kusafirisha kishughulikie mapema katika ofisi ya Huduma ya Misitu ya Kenya, gari lisije likakwama njiani na mzigo unaokauka. Miti michache ikuze kwenye ndoo za rangi zilizotobolewa chini; wapo wateja wanaotaka mti wenye mizizi wakaupande uani baada ya sikukuu.

Kama Jumamosi zako hazitoshi kusimamia haya yote, panda robo ekari kwanza, kwingine weka viazi. Mvua ya Machi ikipita uniandikie miche imeshika vipi.