Hodi bila karibu: jinsi ya kufungua filamu ya kutisha ya kigothi

SWALI: Mwalimu, habari ya kazi. Mimi ni mwongozaji chipukizi hapa Nairobi. Nimemaliza filamu fupi ya dakika 22 tuliyoipigia katika nyumba ya mawe ya zamani kule Limuru. Muuguzi kijana anaajiriwa kumtunza ajuza anayeishi humo peke yake. Nilitaka iwe filamu ya kutisha ya kigothi. Ufunguzi wangu ni huu: droni inapita juu ya mashamba ya chai, inaishukia nyumba, uso unatokea dirishani, mayowe, kisha jina la filamu kwa herufi nyekundu. Nilipowaonyesha marafiki pale Ngara, wengine walicheka. Mmoja aliuliza kama ni filamu ya majini, mwingine akadhani ni ya majambazi. Nimekosea wapi? Ufunguzi hufanya nini hasa hadi mtazamaji ajue kwamba hii ni kigothi? Nimekutumia dakika 3 za kwanza uzione.

JIBU: Dada, nimeutazama ufunguzi wako mara nne, mara ya mwisho bila sauti. Picha ni safi, na nyumba uliyoipata ni ya kuonewa wivu. Wenzako walicheka kwa sababu mayowe yaliwafikia kabla hawajapata mtu wa kumhofia.

Ufunguzi ni ile "paukwa" ya mtambaji. Mtazamaji anaitikia "pakawa" kimoyomoyo, na kuanzia hapo ameshajua akae vipi kwenye kiti. Ukianza na uso na mayowe, umemwahidi mayowe mengine, naye atakaa akiyangoja. Ukianza na mtu kuchinjwa, atajua ni filamu ya muuaji, atauliza nani anafuata. Kigothi huahidi jambo tofauti kabisa: kwamba mahali hapa pana deni la zamani, na huyu anayekuja hajui kuwa ndiye atakayedaiwa.

Nishikilie hapo kwenye deni, maana ndipo utanzu ulipozaliwa. Mwaka 1764 Mwingereza Horace Walpole alichapisha The Castle of Otranto, na toleo la pili, la 1765, ndilo lililoongezewa jina la "hadithi ya kigothi". Mapema kabisa kijana anapondwa na kofia ya chuma kubwa ajabu siku ya harusi yake. Msomaji anashangaa imetoka wapi. Baadaye sana anaambiwa kwamba babu wa mtawala wa ngome ile aliipata kwa kumpa sumu mwenye mali na kughushi wosia. Mkenya aliyewahi kuketi kwenye kikao cha ukoo kuhusu shamba hahitaji kufafanuliwa hadithi hiyo. Mzuka ni deni linalobisha hodi.

Kwa hiyo kazi ya ufunguzi ni kumwonyesha mtazamaji nyumba inayojua kitu na mtu asiyekijua, kisha kumtoa huyo mtu nje na kumweka ndani. Ukungu, mishumaa, radi na vioo vyenye nyufa ni vipodozi. Vinasaidia, ila havibebi.

Tazama filamu ya Rebecca ya 1940. Tunaanza langoni. Sauti ya mwanamke inasimulia ndoto, kamera inafuata njia iliyomezwa na majani hadi kwenye nyumba kubwa iliyobaki magofu. Hakuna damu wala mtu. Na ile nyumba ilikuwa modeli ndogo tu iliyojengwa studioni! Kisha tunajikuta kwenye mwamba juu ya bahari kusini mwa Ufaransa, na mapenzi yanaanza. Lakini tumeshaona nyumba itakavyoishia. Kila tabasamu la hoteli ya Monte Carlo tunalitazama tukiwa tunajua. Huo ndio uzito wa kigothi: wakati uliopita umeketi mbele ya wakati uliopo.

The Innocents ya 1961 inathubutu zaidi. Skrini ni nyeusi, mtoto anaimba, na wimbo unaanza hata kabla ya nembo ya studio kutokea. Halafu mikono ya mwanamke iliyoshikana kama ya mtu anayeomba, na kilio. Hatujui analilia nini. Mpiga picha wake, Freddie Francis, alipewa fremu pana sana asiyoitaka kwa hadithi ya siri kama ile, basi akapaka rangi vichujio vya lenzi ili kingo za fremu zimezwe na giza. Jaribu kuwaza hilo ukiwa na kamera yako: huhitaji nyumba nzima iwe na giza, unahitaji giza linalokaa pembeni na kungoja.

Ukirudi nyuma hadi Dracula ya 1931, utakuta mbinu rahisi kuliko zote: wenyeji wanajua, mgeni hajui. Gari la farasi linafika kijijini, wanakijiji wanamsihi msafiri asiendelee usiku ule, naye anawaona washirikina. Mbinu hii inafaa sana kwetu, na nitaitumia hapo chini.

Sasa droni yako. Nenda siku moja kanisa kuu la All Saints, lile la mawe karibu na Uhuru Park, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa 1917. Limejengwa kwa mtindo wa kigothi, na mtindo huo wa ujenzi ndio ulioupa utanzu jina. Kaa chini ya matao yaliyochongoka uangalie juu. Mahali hapo ni pa amani na sala, lakini mwili wako utaona udogo wake. Kamera ya kigothi inafanya kazi na udogo huo. Kutoka juu kwa droni nyumba yako ya Limuru imekuwa kisanduku cha kiberiti, na mtazamaji amekuwa mkubwa kuliko nyumba inayopaswa kumtisha. Mshushe. Weka kamera usawa wa goti la muuguzi, lenzi pana, milimita 24 hivi, na mlango uwe mrefu kumpita mara mbili.

Halafu ingiza kamera ndani ya nyumba kabla yake. Hili naliona kubwa kuliko yote niliyoyasema. Tuko ukumbini gizani, mlango umefungwa, na tunasikia hatua zake barazani. Anayemtazama ni nani? Hatujibu. Nyumba ilikuwa hapo, inangoja.

Na hapo una zawadi ambayo waongozaji wa Uingereza hawana. Sisi tuna hodi. Mtoto wa miaka mitano anajua kwamba unabisha, unangoja karibu, na ukibisha mara tatu kimya unageuka kwenda zako. Muuguzi wako akiita "Hodi!" mara tatu, akakosa jibu, kisha akasukuma mlango, ukumbi mzima wa sinema utajua mpaka umevukwa, na hujatumia hata shilingi ya madoido. Kuna njia ya pili: aite mara moja tu, na "karibu" imfikie kabla hajamaliza neno, kutoka chumba ambacho baadaye tutaambiwa hakijalaliwa miaka. Ya pili inashtua zaidi. Mimi ningechagua ya kwanza, kwa sababu kosa linakuwa la muuguzi mwenyewe, na kigothi hupata nguvu pale mgeni anapoingia kwa miguu yake.

Rafiki yako aliyedhani ni majini alikuwa anasoma dalili ulizompa. Uso usio na mwili dirishani, kwa mtazamaji wetu, ni jini au ni mwizi. Ili asome nyumba, mpe historia ya nyumba. Na Limuru historia ipo, huna haja ya kuibuni. Sheria ya ardhi ya kikoloni ya 1902 iliwapa walowezi mikataba ya miaka 99, ile ya 1915 ikaiongeza hadi miaka 999. Rudia kuisoma namba hiyo: 999. Katiba ya 2010 ilipunguza mikataba ya wasio raia isizidi miaka 99. Sasa waza karatasi ya mkataba iliyotiwa fremu, imening'inia ukumbini, kioo kina vumbi, na muuguzi anapita mbele yake akitafuta swichi ya taa. Tochi ya simu yake inaimulika sekunde moja. Tunasoma "999" na jina la ukoo wa ajuza. Hasimami, na kamera pia isisimame. Ukoo huo ukiwa si raia, miaka hiyo 999 imekufa kisheria na karatasi bado imo ukutani. Deni lako ndilo hilo, na limeingia kabla ya dakika ya tatu.

Ningekuwa mezani kwako, ningepanga hivi. Giza kwanza, sekunde kumi na zaidi, mvua juu ya mabati. Niliwahi kuhariri filamu iliyoanza hivyo. Mtayarishaji alidhani projekta imekufa, lakini ukumbini watu waliacha kutafuna popkoni. Ndani ya mvua hiyo, mbali, ule mlio wa perere, mnyama mdogo wa mitini, unaoanza kama mlango wenye kutu na kuishia kama mtu anayekabwa. Wakazi wa Karen na Lang'ata wanaujua, wengine watauliza ni nini, na wote wawili watakaa vizuri. Bundi mwache, amechoshwa na filamu zetu. Kisha bodaboda inasimama langoni. Mwendeshaji anasema, "Mimi hufika hapa tu." Muuguzi anatoa noti, naye anageuza pikipiki kabla ya kumrudishia chenji. Njia ndefu katikati ya mikaratusi, begi linagonga mguu wake. Ukumbi. Hodi tatu. Mlango. Jina la filamu, herufi nyeupe, ndogo, kwenye weusi wa mlango uliobaki wazi.

Mwanga utakusumbua, kwa hiyo panga mapema. Huku kwetu karibu na ikweta jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza huingia upesi. Ile bluu ya magharibi utaikosa ukichelewa kwa kikombe kimoja cha chai. Ningepiga matukio ya langoni alfajiri. Ukungu wa Limuru mwezi wa Julai ni wa bure, na kwenye skrini hakuna atakayejua kama ni asubuhi au jioni.

Muziki usiweke kabisa hadi mlango ufunguke.

Ile shoti ya uso dirishani usiitupe, mwigizaji wako aliifanya vizuri. Ihamishie karibu na dakika ya 9, baada ya sisi kumwona muuguzi akilifunga dirisha hilohilo kwa mkono wake na kusukuma komeo. Na mayowe uyakate yote, ibaki mvua.