Kivuli cha nembo kinapauka baada ya kunakili kwenye GIMP

Unauliza kwa nini kivuli cha nembo kilipauka ulipochagua leya (tabaka la picha) kwa alfa yake, yaani kiwango cha kukolea cha kila pikseli, kisha ukanakili kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha. Kivuli chako kimechaguliwa, ila nusunusu. Ukigeuza alfa ya leya kuwa uteuzi (eneo lililochaguliwa), kila pikseli huchaguliwa kwa kiwango kilekile cha alfa yake, kuanzia 0 (haionekani kabisa) hadi 255 (imekolea). Ule mstari wa vidoti vinavyotembea huchorwa tu pale uteuzi unapofika nusu, ndiyo maana umeuona umeshika herufi za nembo na kukiacha kivuli nje. Usiuamini sana mstari huo kwenye kingo laini.

Kupauka kunatokea hivi. Pikseli ya kivuli yenye alfa 128 tayari ni nusu, na uteuzi wake nao ni nusu. Ukinakili, programu inazidisha vyote viwili: nusu ya nusu ni robo, kwa hiyo unabandika kivuli cha alfa kama 64. Nembo yenyewe haibadiliki kwa sababu ina 255 pande zote mbili. Hesabu iko sahihi kabisa, lakini ukiwa na kazi ya mteja mkononi inaumiza kichwa kweli.

Kwa hiyo acha kuchagua kwa alfa unapotaka nakala kamili. Rudufu leya nzima kwa Shift+Ctrl+D, au bonyeza Ctrl+A ndipo unakili. Uteuzi wa alfa utunzie kazi kama kutengeneza barakoa (kifuniko kinachoficha sehemu za leya). Na kama unataka kubadilisha rangi ya kivuli tu, funga alfa ya leya kisha paka rangi bila uteuzi wowote. Ulaini wa kingo utabaki vilevile.