Je, kumtii Mungu ni kumtii kila anayesema kwa jina lake?

SWALI: Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Nimeokoka kwa miaka sita sasa na ninahudumu katika kwaya ya kanisa letu. Hivi karibuni nimepata nafasi ya masomo katika mji mwingine, nafasi niliyoiombea kwa muda mrefu. Nilipomweleza kiongozi wangu wa kiroho, alisema Mungu amemwonyesha kwamba nisiende. Nilimsihi anipe muda ili nami nimwulize Mungu, naye akakasirika, akanisomea kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu na kwamba kuasi ni kama dhambi ya uchawi, kisha akamalizia kwa kusema kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sitaki kuwa mwasi, lakini moyo wangu haujatulia. Je, nikienda nitakuwa nimemwasi Mungu?
Dada wa kwaya

JIBU: Asifiwe milele, dada yangu. Sitakuambia uende wala ubaki, kwa kuwa nikifanya hivyo nitakuwa nimekalia kiti kilekile ambacho swali lako linataka tujue ni cha nani. Naomba kwanza tuyatazame maneno uliyosomewa, maana ni maneno ya kweli, ila yameondolewa mahali pake. (Lile la mwisho tuliweke kando mapema: ni methali ya wahenga, wala si andiko la mitume.)

Fungua kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 15, na uangalie ni nani anayeambiwa kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu. Haambiwi muumini wa kawaida aliyechelewa kumkubali kiongozi wake. Anaambiwa mfalme Sauli, mtu aliyekuwa na cheo kikubwa kuliko wote katika Israeli, baada ya kumwacha hai Agagi mfalme wa Amaleki, na kubakiza kondoo na ng'ombe walionona kwa kisingizio cha kwenda kumtolea Bwana. Neno la uasi na uchawi lililo katika mstari wa 23 linamwangukia yeye huyohuyo. Tena Sauli mwenyewe anapokiri, katika mstari wa 24, anasema kwamba aliwaogopa watu akaitii sauti yao. Kosa lake, basi, lilikuwa kuiweka sauti ya wanadamu mahali pa sauti ya Mungu, na inashangaza kwamba andiko hilohilo limekuwa likitumiwa kuwataka watu wafanye kosa hilohilo.

Yamkini utasomewa pia Zaburi ya 105, mstari wa 15: "Msiwaguse masihi wangu," yaani waliopakwa mafuta na Mungu. Usiusome mstari huo bila ule unaoutangulia. Wanaolindwa hapo ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wageni wachache wasio na nchi, waliokuwa wakitangatanga toka taifa hata taifa. Wanaokemewa ni wafalme. Ni ngao ya mnyonge mbele ya mwenye nguvu. Hata Daudi, aliyekataa kabisa kumnyoshea Sauli mkono kwa kuwa ni masihi wa Bwana, alisimama nje ya pango akamwambia kosa lake kwa sauti kuu, na hakurudi kukaa naye.

Sasa niseme upande wa pili, nisije nikaeleweka kwamba kila mtu ajiongoze apendavyo. Waebrania 13:17 inaagiza, "Watiini wenye kuwaongoza, na kuwanyenyekea," nalo ni agizo, halikuachwa kwa hiari ya msomaji. Muumini asiyekubali kushauriwa na mtu yeyote hajajinyenyekeza kwa Mungu, amejinyenyekeza kwa nafsi yake tu. Lakini kitenzi cha Kigiriki kilichotumika hapo kinatoka katika neno lenye maana ya kushawishi, yaani kukubali baada ya kuonyeshwa, na sura hiyohiyo, katika mstari wa 7, inawataka waumini wauchunguze sana mwisho wa mwenendo wa viongozi wao kabla ya kuiiga imani yao. Petro naye, akiwaandikia wazee, aliwakataza kujifanya mabwana juu ya wale waliokabidhiwa. Utii wa namna hii una macho.

Kuhusu ufunuo wa mtu juu ya maisha ya mwingine, kanisa la kwanza lilikuwa na utaratibu: manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue (1 Wakorintho 14:29). Kisa kinachokaribiana zaidi na chako kimo katika Matendo ya Mitume, sura ya 21. Wanafunzi wa Tiro walimwambia Paulo kwa uongozi wa Roho asipande kwenda Yerusalemu. Alipofika Kaisaria, nabii Agabo alijifunga mikono na miguu kwa mshipi wa Paulo, akatabiri kwamba mwenye mshipi ule atafungwa hivyohivyo. Wote wakamsihi kwa machozi. Paulo alikwenda. Nao hawakumwita mwasi, wala hawakumtishia laana, walinyamaza wakasema, "Mapenzi ya Bwana yatendeke." Agabo alikuwa amesema kweli, kwa maana Paulo alikamatwa, na hata hivyo uamuzi ulibaki kuwa wa yule aliyekuwa ameitwa.

Kiswahili chetu kinatusaidia kuliona jambo hili. Tukisema "mtoto huyu hasikii", hatuna maana kwamba ni kiziwi. Tuna maana kwamba hatii. Kiebrania kiko vivyo hivyo: neno *shama* ni kusikia na ni kutii pia. Ndiyo maana kisa cha Samweli alipokuwa kijana, katika sura ya 3 ya kitabu kile kile, kinanigusa kuliko hotuba nyingi za utii. Mtoto anaitwa usiku, naye mara tatu anamkimbilia kuhani Eli akidhani ndiye aliyemwita. Eli angeweza kumpa kazi. Badala yake anamrudisha akalale, na mara ya tatu anamfundisha la kusema: "Nena, Bwana, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Asubuhi anapoambiwa ujumbe wenyewe, ambao ulikuwa hukumu juu ya nyumba yake, mzee yule anajibu, "Ndiye Bwana." Eli alikuwa na udhaifu mwingi, wanawe wanamshuhudia, lakini usiku ule alijua kazi ya kiongozi wa kiroho ni ipi. Wewe uliomba muda umwulize Mungu, na hilo ndilo ambalo Eli angekutuma ukalifanye.

Basi lifanye. Omba, na usiombe huku jibu ukiwa umeshaliandika. Wapelekee jambo hili wazee wengine wawili au watatu wanaokufahamu, wasiopata faida wala hasara ukienda. Kisha rudi kwa kiongozi wako, kwa heshima, ukamwulize ni nini hasa alichoonyeshwa. Huenda ana sababu ya kweli ambayo hasira iliificha. Ukifikia uamuzi, mwambie wewe mwenyewe kabla hajausikia kwa wengine.

SWALI: Mwalimu, katika kikundi chetu cha maombi tunafundishwa kwamba ukimwombea mgonjwa halafu ukamalizia kwa "mapenzi yako yatimizwe", umeonyesha huna imani. Je, ni kweli?
Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Kama ni kweli, ndugu yangu, itabidi tuseme kwamba Bwana wetu alikosa imani katika bustani ya Gethsemane. Mathayo anaandika kwamba aliomba mara tatu kikombe kimwepuke, na kila mara aliliweka ombi lake chini ya mapenzi ya Baba. Waebrania inaongeza kwamba aliomba kwa kulia sana na machozi. Hakuyaficha aliyoyataka ili aonekane mnyenyekevu, na hakumshurutisha Baba ili aonekane ana imani. Ninavyoona, wanaowafundisha hivyo wanaogopa kitu halali, yaani sala ya mtu aliyekata tamaa anayetumia maneno hayo kama pazia, ili asiombe lolote kwa moyo. Hofu hiyo ninaielewa, ila dawa yake ni kuomba kwa bidii zaidi, si kuliondoa neno ambalo Yesu mwenyewe alilitia katika sala aliyowafundisha wanafunzi wake.

Tena angalieni lililofuata baada ya sala ya tatu. Aliyekuwa ameanguka kifulifuli anawaamsha wanafunzi waliolala na kuwaambia, "Ondokeni, twende zetu," kisha anatangulia kuwaelekea wale waliokuja kumkamata.