Bili ya chuo imekuja kubwa? Usilipe kabla hujaona mchanganuo
Pole mzazi mwenzangu, nimekuelewa: mwanao ndo anaanza chuo, bili imezidi ada iliyokuwa kwenye barua ya udahili na mkopo wake hauonekani popote. Usipaniki. Mwambie aingie kwenye akaunti yake ya mwanafunzi afungue mchanganuo, maana ada ya masomo ni mstari mmoja tu, chini yake kuna usajili, hosteli, bima ya afya, mitihani na hapo ndo makosa hujificha, wa kwangu alichajiwa hosteli wakati anatokea nyumbani, na bima alikuwa nayo tayari, tulivyopeleka kadi ya bima wakaifuta kwenye bili. Mkopo nao mara nyingi hauonekani mpaka asajili masomo na kuusaini, kwa hiyo aulize ofisi ya fedha umekwama wapi. Ikibaki pengo ombeni kulipa kwa awamu KABLA ya tarehe ya mwisho, ikishapita anaweza kupigwa faini au kufungiwa usajili. Na hela msimpe mtu mkononi wala msitume kwa namba iliyokuja kwa meseji, msimu huu ndo wa matapeli, tumieni namba ya malipo iliyo kwenye akaunti yake na risiti mtunze.